Ami Fundi: Juu barafu, chini maziwa yachacha

*Ami Fundi, asalaam aleikum.*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni, na riziki yangu ni barafu. Natia ukwaju, ubuyu na maembe kwenye vile vijifuko virefu, nafunga fundo, nagandisha usiku. Mchana watoto wakitoka madrasa mlango wangu ndio kituo chao. Kaskazi ndiyo msimu wangu. Mwezi wa pili na wa tatu, jua likichoma, naweza kuuza vijifuko mia moja kwa siku.*

*Friji yangu ni ya milango miwili, friza juu, chumba cha chakula chini. Ni ile ambayo haijengi barafu kwenye kuta. Niliinunua mtumba miaka minne iliyopita na ilikuwa haina neno. Lakini tangu mwezi wa kumi na mbili, huku chini hakushiki baridi. Maziwa ya asubuhi jioni yachacha. Tui nililobakisha la wali lakatika. Ukifungua mlango, samaki wa jana ndiye anayekupokea kwa harufu. Juu kunaganda, ingawa kwa kuchelewa: zamani alfajiri barafu ziko tayari, sasa saa nne asubuhi nyingine zina uji ndani.*

*Nimemwita fundi mara mbili. Ya kwanza alisema gesi imekwisha. Akaichukua hadi kwake, ikalala siku mbili, akairudisha ikiwa kali. Nikalipa elfu tatu na mia tano. Ikafanya kazi wiki moja tu. Ya pili akaichukua tena, akaongeza gesi, elfu mbili, ikafanya siku tano. Sasa asema kompresa imechoka na yataka elfu kumi na tatu.*

*Bwana yangu asema friji hii imekula pesa za kutosha, na kuna mtu amjua anauza friji zilizotumika kutoka Uingereza, tuchukue moja. Mama mkwe, ambaye twaishi naye, asema makosa ni yangu: "Friji ya nyumbani si kiwanda." Na yeye ana sukari, chupa zake za insulini aziweka mlangoni pa friji, kwa hiyo akinena mimi nanyamaza.*

*Nimegeuza vifungo vyote viwili, cha friza na cha chini, hadi mwisho. Wapi! Halafu kuna jambo jingine, sijui kama lina maana. Wiki tatu zilizopita stima ilipotea tangu asubuhi hadi usiku wa manane. Nikatoa kila kitu, nikaacha milango wazi, nikaifuta. Iliporudi stima friji ilipoa ajabu, soda zilikuwa zauma meno. Siku nne, kisha ikarudi kulekule. Na nyuma ya friza kuna sauti kama mtu akwangua sufuria, halafu yanyamaza.*

*Ami, ninunue kompresa, ninunue friji, au niache barafu? Na je, ile barafu nikiiona nyuma huko naweza kuigonga kwa kisu?*

*Mama Barafu, Kisauni*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Umeandika barua ndefu, na lile uliloliweka mwishoni ukasema hujui kama lina maana ndilo lenye maana kuliko yote. Friji iliyozimwa siku nzima milango wazi, kisha ikawaka na kupoza mpaka soda zikauma meno, haina kompresa iliyochoka. Kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, haiponi kwa kupumzika. Wala gesi iliyovuja hairudi yenyewe stima ikipotea. Kilichobadilika siku ile ni kimoja tu: kuna barafu mahali usipopaona, na iliyeyuka.

Nikueleze friji yako ilivyo. Aina hii ina koili moja tu ya baridi, yaani bomba lililokunjwakunjwa, imefichwa nyuma ya ukuta wa plastiki ndani ya friza. Mbele yake kuna feni ndogo. Feni ndiyo inayosukuma hewa baridi, nyingi inabaki juu, na sehemu yake inateremka kwenye njia nyembamba hadi huku chini kwenye maziwa. Chumba cha chini hakina baridi yake, kinaishi kwa sadaka ya juu.

Sasa, kila ukifungua mlango, hewa yetu ya Mombasa inaingia. Weka gilasi ya maji baridi mezani, kabla hujamaliza kusema bismillahi imeshatoka jasho. Jasho hilohilo linashika kwenye koili na kuganda. Waliotengeneza friji walilijua hilo, kwa hiyo wakatia hita ndogo chini ya koili. Kila baada ya saa kadhaa, kwa nyingi ni kati ya saa nane na kumi na mbili, taima inasimamisha kompresa, hita inawaka kidogo, ule ugandaji unayeyuka, maji yanapita kwenye tundu hadi kwenye sinia dogo karibu na kompresa, na joto la kompresa linayakausha. Wewe hujui lolote, unaona tu kwamba friji yako "haijengi barafu". Inajenga kila siku, ila inajifuta.

Yako imeacha kujifuta. Barafu imejaa kwenye koili kama pamba kwenye mto, hewa haipiti. Juu kwa kuwa kumekaribiana na koili kunaganda kwa tabu, chini hakufiki kitu. Ile sauti ya kukwangua sufuria ni mapanga ya feni yakigusa barafu. Ikinyamaza si kwamba imepona, ni kwamba yamekwama.

Na fundi wako? Mara ya kwanza friji ililala kwake siku mbili, imezimwa. Barafu ikayeyuka. Akaongeza gesi, akairudisha, ikapoa, mkaamini gesi ndiyo iliyoponya. Ikachukua wiki moja koili kujaa tena. Mara ya pili vilevile, siku tano. Siku ya stima, siku nne, tena bila ya kumlipa mtu. Sitaki kumwita mwizi, pengine naye alidanganyika kama ulivyodanganyika wewe, maana alichokiona mbele yake ni friji iliyokuja haipoi na ikatoka inapoa. Lakini fundi anayesema "gesi imekwisha" ulizwe swali moja: imekwenda wapi? Friji haili gesi kama jiko. Gesi inazunguka humohumo kwenye mabomba yaliyofungwa, miaka ishirini ikibidi. Ikipungua, pana tundu, na fundi wa kweli analitafuta, analiziba, anafyonza hewa yote kwa pampu, kisha anatia gesi kwa kuipima kwenye mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kile kibao cha maelezo kilichobandikwa kwenye friji. Je, ulimwona na mizani?

Nakuuliza kwa sababu kama gesi haikuwa imepungua na yeye akaongeza mara mbili, sasa imezidi, na gesi ikizidi kompresa inabeba mzigo usio wake. Akija fundi mwingine, hilo nalo alitazame. Pia asome kibao: kama kimeandikwa R600a, hiyo ni gesi inayoshika moto, ndugu ya ile ya jikoni. Madirisha yawe wazi, na asisogeze moto wa kuchomea kwenye bomba kabla hajaitoa yote.

Sasa la kufanya. Mtafute fundi mwenye mita ya kupimia umeme, si mwenye mtungi wa gesi peke yake. Na hapa watu wengi hukosea: wanaiyeyusha friji siku moja kabla ili fundi akute safi. Usifanye hivyo. Mwache aikute imeganda. Afungue ule ukuta wa plastiki mbele yako, nawe utazame kwa macho yako. Ukiona koili yote imefunikwa nyeupe toka mwanzo hadi mwisho, gesi iko, tatizo ni kujifuta. Ukiona mizunguko ya mwanzo tu ndiyo iliyoganda na mingine mikavu, hapo nitamwomba radhi yule wa kwanza, gesi ni pungufu. Nikiangalia barua yako, naona utaikuta nyeupe yote.

Akishaona, apime vitu vinne: hita, taima (au kibao cha umeme, kama friji yako haina taima ya kuzunguka), ile thamostati ndogo (swichi inayohisi joto) iliyobanwa kwenye koili, na fyuzi ya joto iliyo ubavuni mwake. Kimoja kati ya hivyo kimekufa. Vyote ni vitu vidogo, na hakuna hata kimoja kinachokaribia bei ya kompresa. Asafishe na tundu la maji, maana likiziba maji yanabaki na kuganda palepale. Feni nayo aizungushe kwa kidole aone kama haijapinda.

Kama fundi atachelewa, basi iyeyushe mwenyewe ujinunulie siku nne nyingine. Chomoa plagi, toa kila kitu, milango yote wazi, taulo kuukuu sakafuni, na feni ya nyumba uielekeze ndani. Bakuli la maji moto ndani ya friza linasaidia. Ipe siku nzima. Usiridhike kwa kuwa kuta zimekauka, ile iliyojificha nyuma inachelewa.

Kisu, hapana. Na nikuambie kwa nini. Nikiwa kijana, karakana yetu ilikuwa Majengo, ililetwa friji ya harusi, haijatimiza mwaka. Nilikuwa na haraka, Ijumaa, adhana yakaribia, nikachokoa barafu kwa ncha ya bisibisi. Nikasikia "psss", sauti nyembamba kama mtoto anayepumua usingizini. Bomba la koili ni la alumini, jembamba, halihitaji nguvu. Ile swala sikuiwahi, na lile friza nililinunulia koili kwa pesa zangu.

Mama mkwe wako sasa. Mwambie ana haki nusu, na hiyo nusu umpe. Ukiweka vijifuko vya ukwaju uliotoka jikoni, vuguvugu, mia kwa mpigo, unaitesa friji kwa njia mbili. Ya kwanza ni mzigo wenyewe. Kuyageuza maji yaliyofika nyuzi sifuri yawe barafu ya nyuzi sifuri kunahitaji kutoa joto karibu sawa na lile la kuyapoza maji kutoka nyuzi 80 hadi sifuri. Kwa hiyo hata juisi ikiwa tayari baridi, kazi kubwa bado iko mbele. Ipoze kwanza kwenye beseni la maji, ilaze kidogo chumba cha chini, kisha itie friza kwa mafungu mawili au matatu badala ya moja. Njia ya pili ni kwamba naona kama nakuona ukipanga vijifuko hadi ukuta wa nyuma ili nafasi itoshe. Pale nyuma ndipo hewa inapotokea na kurudia. Ukipaziba, hata friji isiyo na ubovu haitapoza. Acha upana wa viganja viwili. Hutauza mia, utauza themanini zilizoganda sawasawa.

Na vile vifungo viwili. Kifungo cha chini ndicho kwa kawaida kinachoamuru kompresa. Kile cha friza, kwenye friji nyingi za namna yako, ni kilango tu cha kugawa hewa: ukikipeleka hadi mwisho wa baridi, kinazuia hewa isiteremke ili friza ipate zaidi. Kwa hiyo uliponuia kuiponya chini, uliifungia riziki. Kirudishe katikati. Namba zile si nyuzi za joto, ni nguvu tu.

Ili usibahatishe, nunua kipimajoto kidogo, kitie ndani ya gilasi ya maji katikati ya chumba cha chini, kilale hapo usiku kucha. Asubuhi kisome kabla watoto hawajaanza kufungua. Nyuzi 4 au chini ya hapo ni sawa, friza inatakiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Mkono hauwezi kupima hili. Mwezi wa tatu Mombasa, chochote chenye nyuzi 12 kitauambia mkono wako kuwa ni baridi.

Raba ya mlango nayo uitazame, kwa sababu ikivuja ndiyo inayoleta unyevu wote huo. Weka noti ya shilingi hamsini, nusu ndani nusu nje, funga mlango, ivute. Ikitoka bila kubishana, hapo pana uwazi. Zunguka mlango mzima. Mara nyingi si kuchanika, ni mafuta na sukari ya juisi vimeganda kwenye mikunjo. Maji moto, sabuni, mswaki wa zamani. Na ukiwa nyuma ya friji, futa kutu na vumbi kwenye mabomba. Chumvi ya bahari yetu haina huruma na chuma. Kama friji yako haina mabomba nyuma, yamefichwa ndani ya mbavu zake, ndiyo maana zinakuwa moto, basi usiibane na kabati.

Yaliyomo ndani sasa, na hapa sitaki mzaha. Samaki aliyekaa siku kwenye joto la namna hiyo mtupe, hata kama hajanuka. Jodari na nguru hasa, wakikaa joto hutengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoi: mtu anakula, uso unawaka, ngozi inawasha, kichwa kinagonga, na anadhani ni pilipili. Chakula kibichi au kilichopikwa kisipitishe saa mbili nje ya baridi, na hewa ikivuka nyuzi 32, kama ilivyo kwetu kaskazi, ni saa moja.

Insulini ya mama isingoje fundi. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Mlangoni ndipo penye joto kuliko pote, hata kwenye friji isiyo na ubovu, na kwenye hii yako pengine zimekaa kwenye joto la sebuleni tangu mwezi wa kumi na mbili. Leo hii ziombee nafasi kwa jirani mwenye friji nzima, kwenye rafu ya katikati, si kwenye friza na si kugusa ukuta wa nyuma, kwa sababu insulini ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Hizo zilizokaa kwako, zipeleke kwa mfamasia au kliniki yake ya sukari, ueleze muda zilizokaa, wao ndio waamue. Na kama sukari yake imekuwa ikipanda miezi hii bila sababu, waambie na hilo, pengine sababu ni friji na mama wa watu amekuwa akilaumiwa halua.

Nimebakisha bwana yako. Asikimbilie kununua. Lakini kama ataenda kuziona hizo friji za Uingereza, atafute kwenye kibao cha ndani herufi za hali ya hewa. SN na N zimeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Jikoni kwako, jiko likiwaka adhuhuri ya mwezi wa tatu, 32 imeshapitwa, na friji yenye N peke yake itahema kutwa na bili ya stima itapanda nayo. Atake yenye T, au ST kwa uchache. Aende na tochi, maana kile kibao mara nyingi kimebandikwa ubavuni chini kabisa, nyuma ya droo la mboga.